Unataka kazi ya wanyama na huna ekspiriensi? Anza na daftari, hapa hapa Malindi

Kila matokeo ya form four yakitoka naanza kupata meseji, vijana wa hapa Malindi, wa Gede, wa Watamu, wengine hata kutoka Lamu, na swali ni lile lile: "mi napenda wanyama toka utotoni, nataka kufanya risachi ama uhifadhi, lakini kila nafasi naambiwa nilete ekspiriensi, sasa naitoa wapi na hakuna anayenichukua?" Nimekua nikijibu mmoja mmoja, sasa naandika yote hapa, soma taratibu, mengine yatakufaa leo mengine mwakani.

Jibu langu fupi ni hili. Ekspiriensi ya kazi hii si lazima ianze na ofisi kukuandikia barua. Inaanza ile siku umekaa kitako mahali pamoja, ukamwangalia mnyama mmoja kwa utaratibu, ukaandika ulichokiona na saa uliyokiona, halafu kesho ukarudi ukafanya vilevile, na kesho kutwa tena. Mtu mwenye daftari la miezi sita la kima wa Gede ama la ndege wa Mida, ile hori ya Watamu, anasikilizwa kuliko mwenye cheti kitupu. Nimeliona hili mara nyingi, hata siku ambazo mi ndo nimekaa upande wa wanaochagua.

Na mfano mkubwa uko mlangoni kwetu. Si unamjua yule sange wa msitu wa Arabuko-Sokoke, pua ndefu kama kamkonga, nyuma kana rangi ya dhahabu? Mengi ya tunayoyajua kuhusu maisha yake yalitoka kwenye kale kamsitu ka magofu ya Gede miaka ya 1970, mtafiti anaitwa Galen Rathbun alikaa hapo akiwafuatilia mmoja mmoja mpaka akaona kwamba dume na jike wanashika eneo moja kama mke na mume, lakini muda mwingi kila mtu yuko kivyake, na mgeni akiingia, dume humfukuza dume mwenzake na jike humfukuza jike mwenzake. Hilo hulijui kwa kupita mara moja na kupiga picha ya simu. Ni kukaa, na kuvumilia mbu.

Chagua mnyama wa karibu na kwenu

Wengi mkisikia wanyama mnafikiria simba na ndovu, halafu nauli ya Tsavo inawashinda na ndoto inaishia hapo. Kipimo changu mimi ni hiki: mnyama ambaye unaweza kumfikia siku nne kwa wiki bila kuomba mtu hela. Basi. Akiwa wa ajabu ni sawa, akiwa wa kawaida ni sawa zaidi, manake wa kawaida utampata kila siku na data yako itakua na nguvu.

Kama uko Malindi mjini una kunguru. Najua mtu ataguna, lakini kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu si wa kwetu asili, waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 na toka hapo wameenea pwani nzima, wanakula mayai na makinda ya ndege wa kienyeji. Wanalala wapi? Wanaanza kurudi saa ngapi jioni? Wanapita njia gani? Siku ya soko na siku isiyo ya soko wako wangapi pale jalalani? Maswali haya yote unayajibu na saa ya mkononi na kalamu, na mtu yeyote anayepanga kupunguza kunguru atayahitaji majibu hayo. Kama uko upande wa Mambrui una mdomo wa mto Sabaki, heroe na ndege wa ufuoni tele. Kama uko Gede una kima kwenye magofu, na magofu yenyewe yameingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024 kwa hivo wageni ni wengi na kima wanaishi na wageni hao kila siku, hapo kuna somo kubwa la vile chakula cha watalii kinavobadilisha tabia. Watamu una Mida, nitairudia.

Na nyie wa Lamu msiniambie hamna wanyama. Punda! Mji mzima unabebwa na punda, na kliniki yao pale Lamu, ya The Donkey Sanctuary, ipo toka 1987. Kaa forodhani saa moja asubuhi, angalia nani anapumzika kivulini, nani anamkuna mwenzake shingo, punda wawili wanaopenda kusimama pamoja ni wale wale kila siku ama wanabadilika, akishabebeshwa mchanga anafanya nini na masikio. Punda anasoma mambo mengi na anaonyesha maumivu kidogo sana, ukijifunza kumsoma punda utamsoma mnyama yeyote. Hili nalisema kwa moyo wote, vijana wa Lamu wana darasa ambalo watu wa miji mingine wanalitamani.

Jinsi ya kuangalia mpaka iwe data

Hapa ndo nitakaa sana kwa sababu hapa ndo mimi nilipoteza muda. Daftari langu la kwanza la kima lilikua la karibu miezi mitatu, nimeandika kurasa na kurasa, nikampelekea mtafiti mmoja aliyekua amepanga Watamu nikiwa na furaha kabisa. Akasoma kimya, halafu akaniuliza, "hawa kima wako hupigana siku nzima?" Nikaangalia. Kweli, kila ukurasa ni vita, kelele, kunyang'anyana ndizi. Wale waliokaa wakitafuna majani saa nzima sikuwaandika hata mmoja, kwa vile macho yangu yalikua yanakimbilia fujo. Ile data haikufaa kitu na miezi mitatu ilikua imeenda. Niliumia, lakini ndo siku nilianza kujifunza.

Tatizo hilo lilishaandikwa zamani. Mwaka 1974 Jeanne Altmann, mama ambaye amefuatilia nyani wa Amboseli miaka mingi sana, alitoa makala ya mbinu za kuangalia tabia, na mpaka leo kila mwanafunzi wa tabia za wanyama anapitia hapo. Alichosema kwa ufupi ni kwamba ukiandika tu kinachokuvutia utapata picha ya uongo, lazima uamue kabla unamwangalia nani, kwa muda gani, na lini.

Njia mbili zinakutosha kuanza. Ya kwanza unachagua mnyama mmoja tu, tuseme jike mmoja mwenye kovu sikioni, unamfuata kwa macho dakika kumi, kila anachofanya unaandika na dakika yake, hata kama amelala dakika zote kumi unaandika amelala. Zikiisha unahamia mwingine, na huyo mwingine uwe umeshampanga kabla, si yule anayeruka ruka. Ya pili ni ya kundi: kila baada ya dakika kumi, saa ikigonga, unapitisha macho kutoka kushoto kwenda kulia, kila kima unayemuona unaandika anafanya nini sekunde ile ile, halafu unatulia mpaka dakika kumi nyingine. Inachosha. Lakini jioni ukihesabu utaweza kusema kati ya mara 200 nilizoangalia, mara ngapi walikua wanakula, mara ngapi wamepumzika, na mtu hawezi kukubishia.

Kabla ya yote hayo unahitaji orodha ya matendo. Siku mbili za kwanza usihesabu chochote, kaa tu uandike kila tendo unaloliona kisha ulipe jina na maelezo ya mstari mmoja: anakula, anatembea, amekaa, anamtoa mwenzake chawa, anacheza, anafukuza, anatoa mlio wa hatari. Maelezo yawe wazi kiasi kwamba ukimpa binamu yako daftari anaandika kitu kile kile unachoandika wewe. Na mjaribu kweli, kaeni wawili mkiangalia kundi moja bila kuongea, halafu mlinganishe, mkitofautiana sana ujue maelezo yako hayajanyooka.

Jambo lingine, na hili nalisisitiza kila mara, usiandike moyo wa mnyama, andika mwili wake. "Amekasirika" hiyo ni hadithi yako wewe. "Ameonyesha meno, amepiga tawi kwa mikono miwili, amemkimbilia mwenzake hatua tano" hiyo ni data. Baadaye unaweza kujadili kama ni hasira, lakini daftari libaki safi.

Kila ukurasa juu uwe na tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, mahali, hali ya hewa, maji yanajaa ama yanakupwa kama uko pwani, na jina lako. Tumia penseli, mvua ya kusi ikikunyeshea wino unaondoka wote. Jioni piga picha kurasa zote na simu, ujitumie. Daftari linaweza kupotea kwenye tuktuk, limempotea mtu ninayemjua akiwa na mwaka mzima ndani.

Kwa vifaa usijitese. Daftari gumu, penseli mbili, saa. Darubini ni nzuri ila unaweza kuazima, kuna vikundi vya ndege vinavyoazimisha ukiwa mwanachama. Usinunue kamera kubwa kwanza, nimeona vijana wana lenzi ndefu na hawana hata ukurasa mmoja.

Swali linatoka wapi

Ukishazoea kuangalia, itabidi uwe na swali, na kuna mtu wa zamani alilipanga hili vizuri, Niko Tinbergen, mwaka 1963, alisema tabia moja unaweza kuiuliza maswali manne. Nitakupa kwa kasa wetu. Vitoto vya kasa vikitoka mchangani usiku vinakimbilia baharini. Swali la kwanza, mwili wao unajuaje njia? Vinafuata upande wenye mwanga zaidi, na ufuoni kusikokua na taa, usiku upande wa bahari ndo wenye mwanga. La pili, tabia hii inakuaje katika maisha yao? Wamezaliwa nayo, manake mama alishaondoka karibu miezi miwili nyuma, hakuna wa kuwafundisha. La tatu, inawafaa nini? Kila dakika mchangani ni nafasi ya kaa na kunguru kuwala. La nne, imetoka wapi katika ukoo wao? Kasa wa baharini wa aina zote wanatagia nchi kavu na vitoto vyao vyote vinafanya hivo hivo, kwa hivo ni jambo la kale la ukoo mzima.

Sasa ona vile jibu la swali la kwanza linageuka kuwa uhifadhi. Kama vinafuata mwanga, basi taa ya hoteli inayoangalia ufuoni inavipeleka barabarani. Kuzima taa, ama kuzifunika ziangalie chini, kunaokoa maisha bila kujenga ukuta wala kuajiri askari. Ndo maana nawaambia vijana risachi ya tabia na uhifadhi si vitu viwili, ukijua mnyama anafanya nini na kwa nini, utajua umsaidie wapi.

Nani wa kumwendea

Ukiwa na daftari la miezi miwili mitatu, sasa toka nje uonane na watu. Kwa bahati sisi watu wa huku tumezungukwa. Watamu kuna Local Ocean Conservation, wako toka 1997 na kasa, mvuvi akinasa kasa kwenye nyavu anapiga simu wanakuja wanampima wanamvisha namba wanamrudisha baharini, na wana hospitali ya kasa wagonjwa. Kuna A Rocha Kenya pale pale, wanavisha ndege pete, wanahesabu ndege, na ndo wanaosaidia watoto wa shule zilizo kandokando ya msitu kupitia mradi wa ASSETS. Gede kuna Kipepeo, mradi wa vipepeo toka 1993, wakulima wanafuga viwavi na kuuza pupa, hapo utajifunza jinsi msitu unavoweza kulipa ada ya shule. Kuna Bio-Ken ya nyoka, ambayo James Ashe aliianzisha 1980. Kuna KWS, shirika la serikali la wanyamapori, wenye hifadhi za baharini za Malindi na Watamu, zilizotangazwa 1968. Kuna chama cha waongozaji wa msitu wa Arabuko-Sokoke, na hawa jamani msiwapite. Mwongozaji wa msitu anakuonyesha yule bundi mdogo wa Sokoke amelala kwenye kichaka, hafiki hata urefu wa rula ya shule, na wewe umepita hapo mara tatu hukumuona. Lipa ada ya mwongozaji hata mara moja tu, uliza maswali, andika.

Na wazee. Nenda BMU ya karibu, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, asubuhi wavuvi wakirudi, salimu vizuri. Mi mara ya kwanza kwenda kuuliza habari za kasa nilifika na karatasi ya maswali mkononi, mzee mmoja akaniangalia tu. Nikairudisha mfukoni nikasema "shikamoo mzee". "Marahaba mwanangu, haya kaa." Nikakaa nikamsaidia kukunja wavu, sikuuliza kitu siku hiyo. Siku ya tatu yeye mwenyewe akanieleza kasa gani anaonekana kaskazi na gani kusi, ng'amba anapenda mwamba gani, akanionyesha na kidole. Ukija kuyaandika maneno ya mzee kama huyo, andika kwamba yametoka kwake, muombe ruhusa kutaja jina lake, na ukipata majibu ya utafiti wako rudi umweleze. Watafiti wengi hawarudi na wazee wanakumbuka.

Mida nilisema nitairudia. Kama unataka kitu kimoja cha kukufanya ujulikane haraka, jifunze ndege wa ufuoni wa Mida. Wanafika kutoka mbali kaskazini kuanzia mwezi wa nane na wa tisa, wengi wanaondoka mwezi wa nne, na watu wanaoweza kuwatofautisha ni wachache kwa vile wote wanaonekana kijivu. Siri ni maji. Maji yakikupwa wanasambaa kwenye tope wanakula, huko waangalie wanavokula, nani anadonoa juu juu nani anazamisha mdomo wote, lakini usijaribu kuhesabu. Kuhesabu ni maji yakijaa, hasa bamvua, wakati tope lote limefunikwa na ndege wanasukumwa kukusanyika sehemu chache za kulala. Siku za maji mafu hawakusanyiki vile. Kwa hivo jua tarehe ya mwezi kabla ya kuondoka nyumbani, mvuvi yeyote atakuambia. Aliyekosea maji amekosa siku nzima.

Ukishajua ndege kidogo ingia Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa nchi nzima. Nchi imekatwa miraba ya karibu kilomita 9 kwa 9, unachagua mraba wako, unatembea angalau masaa mawili ukiandika kila aina kwa mpangilio ulivyoziona, na unaweza kuongezea mpaka siku tano. Ni bure na jina lako linakaa kwenye rekodi za kitaifa. iNaturalist, app ya kurekodi viumbe kwa picha, nayo ni nzuri kwa wadudu, mimea, mijusi. Mtu akiniandikia anataka nafasi, kitu cha kwanza naangalia ni rekodi zake huko.

Ujumbe wa kuomba nafasi

Andika mfupi. Wewe ni nani na uko wapi, umefanya nini kwa namba, umesoma kazi gani yao, unaomba nini, tarehe gani. Kwa mfano: "Naishi Gede. Toka Machi nimeangalia kundi moja la kima siku tatu kwa wiki, kila dakika kumi, nimeambatanisha ukurasa mmoja wa majedwali. Naomba kujiunga nanyi kwenye hesabu ya ndege mwezi wa kumi, nina uwezo wa kufika na kurudi kwetu." Umeona? Hakuna "napenda wanyama toka utotoni". Wote wanapenda. Hiyo ya kufika na kurudi kwetu inafungua mlango sana, manake wageni wanahitaji malazi, na we unalala kwa mamako. Wakikaa kimya, baada ya wiki mbili kumbusha kwa adabu, ama nenda mwenyewe, huku kwetu kuonana uso kwa uso bado kuna uzito.

Kama uko chuo na unatafuta atachmenti, omba miezi mitano sita kabla, si wiki ya kufunga shule.

Hela na heshima

Nitasema wazi. Niliwahi kufanya kazi mahali miezi minne bure, naamka saa kumi na moja, nakusanya data kila siku, na nilipoondoka sikupewa hata barua ya kusema nilikuepo. Data ilitumika, jina langu halikutajwa popote. Niliona uchungu sana, na mpaka leo sitaki kijana yeyote apitie hayo. Kwa hivo kabla ya kuanza popote uliza mambo haya na uyapate kwa maandishi, hata kama ni WhatsApp: nitajifunza nini hasa, nauli na chakula cha mchana ni juu ya nani, mwisho nitapata barua inayotaja kazi nilizofanya, na data nikiikusanya nitatajwa vipi. Mtu mwema hatakasirika ukiuliza.

Zile nafasi za kulipia ndo ujitolee, mara nyingi zimetengenezwa kwa wageni wenye likizo. Mkazi ukiambiwa ulipe, uliza kama kuna mpango wa wenyeji, sehemu nyingine upo ila hautangazwi. Na mahali popote ambapo kazi kubwa ni kumbeba mnyama wa porini upigwe naye picha, ondoka, hapo hujifunzi tabia wala huhifadhi kitu.

Ruhusa na usalama

Kuhesabu kunguru uwanjani kwenu hakuna shida. Lakini ukitaka kufanya utafiti wako rasmi, hasa ndani ya hifadhi ama msitu, kuna leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na kuna ruhusa za wenye eneo na za wanyamapori, kwa hivo mwanzoni ni rahisi zaidi kuwa msaidizi chini ya mtafiti ambaye ameshapata. Usiguse mnyama wala kiota, usimshike mtoto wa kasa eti unamsaidia. Usiwalishe kima hata ganda la ndizi, ukae mbali nao mita kumi hivi, magonjwa yanatoka kwao kuja kwetu na kwetu kwenda kwao. Usiweke mtandaoni mahali kamili pa bundi wala kiota cha kasa, si kila anayesoma ni mtu mzuri.

Arabuko-Sokoke ni karibu kilomita mraba 420 na ina ndovu na nyati, usiingie peke yako, hata kama umezaliwa kando ya msitu. Viatu vya kufunika, maji, mtu nyumbani anajua uko wapi na utarudi saa ngapi. Dada zangu, nendeni wawili, na mkiona kiongozi wa mradi ana mambo yasiyoeleweka hamna deni la kuvumilia, ondokeni na mwambieni mtu mzima mnayemuamini.

Kuanzia daftari kwenda kompyuta

Hapa wengi wanakwama na ndo hapa utawapita wengi. Kwenye Excel mstari mmoja ni tukio moja, safu moja ni kitu kimoja, usichanganye "kima 5 wanakula" kwenye kisanduku kimoja, weka aina, idadi, tendo, kila moja na safu yake. Usipake rangi kama ndo maana ya data. Ukishazoea, jifunze R, programu ya kuchambua data, ni ya bure, na QGIS ya ramani ni ya bure, na BORIS ya kuandika tabia kutoka kwenye video ni ya bure pia. Kijana anayejua kusafisha data hakosi kazi kwenye miradi, hata asipojua jina la ndege. Kule misitu ya Boni na Dodori, Lamu, kamera za kujipiga zenyewe mwituni zilinasa sange ambaye wataalamu hawakumtarajia kabisa, mwaka 2010 hivi habari ikatoka, na picha za aina hiyo huja maelfu kwa maelfu, lazima kuna mtu alikaa kuzipitia moja moja. Omba kuwa mtu huyo. Omba kazi ya kupitia picha, watu wanaikimbia, we ichukue.

Shule usiiache. Pwani University iko Kilifi hapo, na WRTI ya Naivasha, taasisi ya utafiti na mafunzo ya wanyamapori, ina kozi za cheti na diploma za wanyamapori, tazama mahitaji ya mwaka wako kwao wenyewe. Ukiwa na digrii na mradi wako mdogo, Rufford, mfuko wa kusaidia uhifadhi, wanatoa ruzuku za kuanzia kwa watu wa nchi kama yetu, na wanataka kuona kwamba tayari unalijua eneo. Daftari tena.

Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alifika Gombe, Tanzania, Julai 1960 bila digrii yoyote, hilo watu wengi wanalitaja. Kisichotajwa sana ni kwamba baadaye kazi ya kila siku ya kuwafuata sokwe imebebwa miaka mingi na wasaidizi Watanzania wa vijiji vya pale. Wenyeji ndo wanaokaa wageni wakiondoka, na anayekaa ndo anayeona mnyama akizaliwa, akizeeka, akifa. Nafasi hiyo ni yetu na tuidai kwa kazi nzuri.

Sasa cha kufanya. Hesabu ya ndege wa maji Kenya hufanyika mwezi wa kwanza, na Mida na Sabaki huwa zimo. Ukiwa unasoma hii katikati ya mwaka una muda wa kujifunza aina ishirini za kwanza. Oktoba nenda ukawaulize wanaoandaa kama wanahitaji mtu wa kuandika, si wa kuhesabu, wa kuandika tu, kwa vile anayehesabu macho yako kwenye darubini na anahitaji mtu pembeni mwenye mwandiko mzuri. Beba penseli mbili.